Sura ya Saba: Parachichi Mfukoni

Ikifika saa nne asubuhi, mchongaji wa Tabaka huwa ameshafanya kazi ya kutosha kudai chai. Anaingia hotelini na vumbi la jiwe hadi kwenye nyusi, ananawa kwa maji ya mtungi ulio mlangoni, anaketi, anaagiza chai ya maziwa na chapati moja. Vikishafika mezani anatia mkono mfukoni, anatoa parachichi alilochuma nyumbani na kumwomba mhudumu kisu. Analetewa kisu. Analetewa na chumvi pia, ambayo hakuiomba.

Meza ya pili ameketi kijana wa bodaboda. Yeye ameagiza chai tupu. Chapati zake mbili zimo kwenye mfuko wa karatasi, na kila aliyemo humo ndani anajua zimetoka kibanda cha ng'ambo ya barabara, kwa kuwa ndicho kinachopunguza shilingi tano kwa kila chapati. Huyu haletewi chumvi. Mwenye hoteli anapita karibu naye mara tatu akifuta meza isiyo na uchafu.

Wote wawili wameingia na chakula cha nje. Kama kungekuwa na tangazo ukutani la kukataza chakula cha nje, wote wawili wangekuwa wamelivunja kwa kiasi kilekile. Lakini mwenye hoteli, ambaye huenda hajawahi kusoma kitabu cha biashara maishani mwake, anawatofautisha papo hapo, na hesabu yake ni sahihi. Wengi wanaofungua mikahawa ya kisasa siku hizi wanaanza na lile tangazo la ukutani kabla ya kuifahamu hesabu yenyewe.

Tabaka iko Mugirango Kusini, kusini-magharibi mwa mji wa Kisii, na jina lake limefika mbali kuliko barabara zake. Jiwe la sabuni la vilima vile huchimbwa kwa sururu na jembe, hukatwa vipande, huchongwa likiwa bado na unyevu, kisha hupigwa msasa ndani ya maji, kazi ambayo kwa kawaida huangukia wanawake. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa huko, ana sanamu yake ya ndege kwenye makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Wenzake wasio na jina kama lake huchonga viboko, vinyago vya familia, sataranji, mabakuli, sahani na vikombe, ambavyo hupakiwa kwenye makasha na kwenda kupamba meza za watu Ulaya na Marekani. Kikombe ambacho mchongaji mwenyewe hunywea chai yake ya saa nne ni cha plastiki.

Kazi hii hulipwa kwa kipande. Oda ikija, kuna pesa. Oda ikikawia, majuma hupita watu wakichonga kwa matumaini. Ndiyo maana mtu hutoka nyumbani na chakula kidogo: ndizi mbivu, mahindi ya kuchemsha, kipande cha muwa, parachichi. Kumwita bahili ni kutoelewa mapato yake yanavyoingia. Isitoshe, hivi ni vitu ambavyo ardhi ya Gusii huvitoa mpaka vikamwagika. Kumtaka mtu wa Tabaka anunue parachichi hotelini wakati wa msimu ni sawa na kumtaka mtu wa Lamu anunue maji ya bahari. Mwenye hoteli analijua hilo, na mara nyingi yeye mwenyewe hana parachichi la kuuza. Parachichi la mteja halijamnyang'anya kitu. Tena limemwuzia chapati: bila parachichi lile, pengine mchongaji angekunywa chai tupu, au angekaa kulekule machimboni na chupa ya maji.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Kuna chakula cha nje kinachoita sahani ya mwenye hoteli, na kuna kinachoifukuza. Parachichi huita chapati, huita ugali na sukuma wiki, huita githeri. Ndizi mbivu huita chai. Chapati ya jirani haiiti chochote ila kiti. Imekuja kuchukua nafasi ya chapati iliyokaangwa alfajiri kwenye kikaango cha humu humu, ambayo sasa inapoa ikisubiri mnunuzi, na jioni itakuwa chakula cha watoto wa mwenye hoteli.

Tufanye hesabu kidogo, na tarakimu zote hizi ni za mfano tu. Tuseme kikombe cha chai ni shilingi 30. Ondoa maziwa, majani, sukari na makaa, mwenye hoteli anabaki na 15, labda 17. Hiyo si faida mbaya. Ukiitazama kwa kikombe kimoja kimoja, chai huishinda chapati. Ndiyo maana kijana wa bodaboda anaweza kujitetea: mimi nimenunua kile chenye faida kubwa, mnanikunjia uso kwa nini? Utetezi wake ungesimama iwapo hoteli ingekuwa inauza chai peke yake. Lakini hoteli inauza pia kitu ambacho hakimo kwenye ubao wa bei, nacho ni kiti kwa muda fulani. Tuseme ina viti 12. Kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane mchana kila kiti kinaweza kukaliwa na watu watatu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akila ugali na ndengu au matumbo kwa shilingi 100. Kiti kimoja kimeingiza 300. Sasa kikikaliwa muda wote huo na mtu mwenye chai ya 30 na chapati za ng'ambo ya barabara, mwenye hoteli amepoteza 270, na wakati huohuo waliosimama mlangoni wameona hakuna nafasi wakaenda zao. Wameenda wapi? Ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo kuna saa, na kuna chakula, na viwili hivi huamuliwa pamoja. Saa nne asubuhi, viti vikiwa vitupu, chapati ya jirani ni kero ndogo. Kiti kisichokaliwa hakilipi kodi, na mteja mmoja dirishani huvuta wengine. Saa saba mchana chapati ileile ni hasara. Mwenye hoteli aliyekomaa hubadilisha uso wake kulingana na jua lilipo. Nimewasikia wateja wakilalamika kwamba mama fulani ana hasira za ghafla, juzi aliwaachia na leo amewafukuza. Ukiuliza walikuwa hapo saa ngapi, hasira inapata maelezo.

Sasa tuje kwa mlango wa hospitali, maana Tabaka haina mawe tu. Hospitali ya misheni ya Tabaka, ya Kanisa Katoliki, inayobeba jina la Mtakatifu Camillus, huvuta wagonjwa kutoka sehemu nyingi za Gusii na hata nje yake, na mgonjwa hasafiri peke yake. Anakuja na mama, shangazi, kaka, na jirani aliyelipa nauli. Jamaa hawa hubeba chupa ya chai na ugali uliofungwa kwa kitambaa ndani ya kikapu, na wakati mwingine kuku aliyekwishakaangwa. Wanaingia kwenye hoteli iliyo karibu na lango, wanaagiza chai mbili kwa watu watano, wanafungua kikapu.

Ukienda na hesabu ya viti 12 hapa utaonekana huna utu, na utastahili. Mtu anayesubiri habari za upasuaji hafanyiwi hesabu ya dakika. Tena jamaa hao ni wa kwenu: katika mji wenye koo chache, ukimfukuza mzee mezani asubuhi, jioni utagundua ni mjomba wa mkeo. Mwenye mkahawa mdogo hana pa kujificha. Mhudumu wa Java House, kampuni iliyoanza Nairobi mwaka 1999 na kuenea miji mingi, anaweza kusema kwamba ni sheria ya kampuni, naye hataulizwa zaidi. Anayemwambia hamjui, na aliyeiweka sheria yuko ofisini mbali. Mama wa Tabaka ndiye sheria, ndiye kampuni, ndiye mpishi, na Jumapili atakaa benchi moja na aliyemfukuza.

Ndiyo maana maneno yake huzunguka. Hasemi "hapa chakula cha nje hakiruhusiwi". Atasema, "Mzee, leo nimepika ndengu, nikuonjeshe kidogo?" Au atamwambia kijana, "Mwanangu, chapati hizo zimepoa, lete nikupashie moto," na akirudi nazo zikiwa kwenye sahani yake, pamoja na kijiko cha maharagwe juu, kijana ataona haya kutolipa. Nalisifu sana jambo hili, ingawa najua lina bei yake: wapo watu wasioona haya. Kwa hao lugha ya mzunguko haifanyi kazi, na mwenye hoteli anabaki na uchungu wake moyoni mpaka siku moja unamtoka wote kwa mtu asiyestahili.

Kuna sababu nyingine ya chakula cha nje ambayo mtu asiyeijua Gusii hataifikiria. Waadventista Wasabato walifika Gendia, upande wa Karachuonyo, mwaka 1906, wakasambaa hadi nchi ya Abagusii, na leo ni miongoni mwa makanisa yenye waumini wengi zaidi Kisii na Nyamira. Kanisa hilo huwashauri waumini wake wasinywe kahawa wala chai yenye majani. Msabato mwenye kushika mafundisho akiingia mkahawani na rafiki yake Mkatoliki, rafiki anaagiza kahawa, yeye anaomba maji ya moto na kutoa mfukoni pakiti yake ya soya. Je, huyu ameleta kinywaji cha nje? Ameleta. Je, mkahawa ulikuwa na cha kumuuzia? Kwa kawaida haukuwa nacho. Hapa kosa si la mteja. Mkahawa wa Kisii usiouza soya, uji wa wimbi au maziwa ya moto umefungua duka bila kuwatazama wanaopita mlangoni. Ukiweka soya kwenye orodha, pakiti itabaki nyumbani yenyewe.

Na kahawa je? Hapa historia ina kejeli yake. Wamisionari wa Kifaransa walipanda kahawa Bura, Taita, mwaka 1893. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo walowezi wa Kizungu waliilinda kama mali yao, na Mwafrika hakuruhusiwa kuipanda. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilipolegeza kamba, kwa majaribio, katika sehemu zilizokuwa mbali na mashamba ya walowezi: Kisii, Embu na Meru. Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari, baba yake Simeon Nyachae, alikuwa miongoni mwa Abagusii wa mwanzo kuikubali. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954 milango ilifunguka zaidi, vyama vya ushirika vikajenga viwanda vya kumenya kahawa karibu na mito, na msimu wa 1987/88 Kenya nzima ilizalisha karibu tani 130,000. Tangu hapo zao limeporomoka hadi chini ya nusu ya kiasi hicho.

Miaka yote hiyo mkulima wa Gusii alichuma kahawa, akaipeleka kiwandani, akaambiwa gredi, akangojea malipo, na akarudi nyumbani kunywa chai. Karibu kahawa yote ya Kenya huuzwa nje. Kwa hiyo mkahawa unaouza kahawa halisi, ya mashine, umekuja Kisii kama mgeni, na umekuja na adabu za ugenini. Mji wa Kisii, hasa tangu chuo kikuu chake kipate hati mwaka 2013, una wanafunzi na vijana wa kazi za mtandaoni wanaotafuta meza yenye soketi ya umeme na intaneti. Kahawa moja ya maziwa huko inaweza kugharimu mara tano ya chai ya kibandani. Kijana akishalipa bei hiyo, anahesabu kwamba amenunua kikombe, kiti, meza, umeme na mchana mzima. Saa nane njaa inamuuma. Hawezi kununua keki ya bei ya juu. Anatoa mandazi mawili kwenye begi. Ndipo mhudumu anapomwonyesha tangazo.

Mimi ningemtetea kijana huyu kiasi, kisha nimwache. Ni kweli amelipa bei kubwa. Lakini bei ile imebeba mashine, mtu aliyefunzwa kuiendesha, kodi ya chumba barabarani, leseni ya kaunti, na cheti cha afya cha kila anayegusa chakula, ambacho hutolewa upya kila miezi sita. Kwa mwenye mkahawa, keki si pambo la kabati. Kahawa imemleta mteja, na keki ndiyo iliyotarajiwa kulipia saa ya pili. Kijana ameikalia saa ya pili na ya tatu bila kuilipia. Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe. Mkahawa hauwezi kumpa mteja jembe, lakini una haki ya kumuuliza saa ya tatu anaagiza nini.

Watu wa pwani hawakulijua kamwe tatizo hili, na sababu yake inafundisha. Muuza kahawa wa Mji Mkongwe au wa Mombasa hutembea na dele lake juu ya makaa, vikombe vidogo mkononi, na kashata kwenye sinia. Wanywaji huketi barazani. Baraza ni ya nyumba au ya msikiti, au ni ya mtaa mzima kama pale Jaws Corner, Unguja, ambapo wanaume hukaa jioni wakibishana siasa na mpira. Ukija na tende zako, halua yako au mkate wako, muuza kahawa hana neno, kwa kuwa kiti si chake na kodi haimhusu. Ugomvi wa chakula cha nje huanza siku mtu anapojenga kuta nne kuizunguka kahawa na kuanza kuzilipia.

Walipojenga kuta hizo London, baada ya Pasqua Rosée kufungua nyumba ya kwanza ya kahawa mjini humo mwaka 1652, ilizoeleka kwamba peni moja humpa mtu kikombe na ruhusa ya kukaa, kusoma magazeti na kusikiliza mazungumzo. Kila aliyeingia alijua kwamba peni ile ni ya kukaa vilevile. Miaka zaidi ya 350 baadaye, mkahawa ulioitwa Ziferblat, uliotoka Moscow na kufungua tawi London mwaka 2014, ulikwenda mpaka mwisho wa njia hiyo: ulitoza peni tatu kwa dakika, kahawa na biskuti bure, na mteja aliruhusiwa kuja na chakula chake. Dakika zikishalipiwa, mfuko wa mteja si habari tena. Sisemi hoteli za Tabaka zianze kutoza dakika. Zingechekwa hadi Nyamira. Nasema tu kwamba pale kiti kilipotajwa bei waziwazi, ugomvi wa chakula uliisha wenyewe.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Munich. Watengeneza bia wa huko walichimba maghala chini ya ardhi ili bia ipoe wakati wa kiangazi, wakapanda miti ya kivuli juu yake, wakaweka meza, na watu wakamiminika. Wenye migahawa midogo ya mji wakalalamika kwa mfalme kwamba wanakufa njaa. Mwaka 1812 Mfalme Maximilian I Joseph wa Bavaria akatoa uamuzi: watengeneza bia wauze bia palepale maghalani, lakini wasiuze chakula isipokuwa mkate. Mnywaji akitaka nyama au jibini, aje nayo. Hivyo chakula cha nje kiliruhusiwa kwa ajili ya kumlinda muuza chakula mdogo dhidi ya mkubwa. Kaida hiyo ilidumu hata baada ya bustani hizo kuruhusiwa kupika, na amri ya jimbo ya mwaka 1999 inaitaja haki ya mgeni kula alichokuja nacho kama sehemu ya kinachoifanya bustani ya bia iwe bustani ya bia. Kinywaji lazima ununue hapo. Na kuna utaratibu wa kimya ambao kila mtu anauelewa: meza yenye kitambaa ni ya wanaoagiza chakula, meza tupu ni ya wenye vikapu.

Meza mbili za mbao zisizo na kitambaa, karibu na mlango wa hoteli ya hospitalini, zingemaliza aibu nyingi Tabaka. Hakuna tangazo, hakuna mzee wa kufukuzwa. Mwenye kikapu angejua pa kuelekea.

Upande wa sheria, mwenye mkahawa ana nguvu kuliko anavyodhani. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya India iliamua kesi ya majumba ya sinema, ikabatilisha amri ya mwaka 2018 ya Mahakama Kuu ya Jammu na Kashmir iliyokuwa imeyazuia kukataza chakula cha nje. Majaji walisema jumba ni mali binafsi, mwenyewe anaweza kuweka masharti, na mtazamaji hajalazimishwa kununua chochote. Jaji Mkuu D. Y. Chandrachud alitoa mfano wa jalebi: mtu akila humo na kufuta vidole vyenye sukari kwenye kiti, nani atalipia usafi? Mahakama ilitaja mambo mawili yasiyoguswa: maji safi ya kunywa yatolewe bure, na chakula cha mtoto mchanga kiruhusiwe. Hukumu ya India haitufungi sisi, lakini busara yake inaweza kuvuka bahari bila paspoti. Kwetu Kenya, Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi anachonunua. Ninavyokisoma mimi, sharti lolote la meza lijulikane kabla mtu hajalipa. Kumngoja mteja alipe kahawa ndipo umwonyeshe tangazo lililo nyuma ya mlango ni hila.

Lakini tofauti na sinema, mkahawa haumfungi mtu kwa saa mbili. Mteja wa Tabaka ana vibanda vingine mbele yake na mti wenye kivuli nyuma yake. Haki ya kumkatalia unayo; mteja wa kujaza kiti baada ya kumkatalia huenda huna.

Kuna hoja moja ya wenye mikahawa ambayo wateja huidharau bila haki, nayo ni tumbo. Mtu akila nyama aliyoinunua stendi jana, akashushia na chai yako, akaharisha usiku, kesho mji mzima utasikia kwamba aliugulia kwako. Afisa wa afya ya umma atakuja kukagua jiko lako, hataenda stendi. Mkahawa mdogo hauna msemaji wala wakili, na jina lake likichafuka sokoni halioshwi kwa tangazo la redio. Kwa sababu hiyo naona ni halali kabisa kukataa nyama, samaki na vyakula vya maziwa vya nje, hata saa nne asubuhi, hata viti vikiwa vitupu. Tunda lenye ganda lake halina hatari hiyo. Ndizi na parachichi huja zimefungwa na Mungu.

Kuna wanaopendekeza ada: ukija na chakula chako, lipa kidogo, kama kumbi za harusi zinavyotoza chupa unazokuja nazo. Kwa mkahawa wa mjini Kisii wenye wanafunzi wa kukaa mchana kutwa, naliunga mkono wazo hili, mradi ada iandikwe kwenye orodha ya bei pamoja na kahawa, na mteja akilipa apewe sahani na uma kwa heshima. Ada inayotozwa kwa uso uliokunjwa ni faini. Kwa hoteli ya Tabaka silipendi. Shilingi kumi za sahani zitaleta maneno ya shilingi mia.

Wewe unayefungua mkahawa mpya Mugirango Kusini, usianze na karatasi ya kukataza. Ruhusu tunda, ruhusu chakula cha mtoto na cha mgonjwa, weka soya na uji kwenye orodha, tenga meza mbili za wenye vikapu, kataa nyama ya nje na, viti vikianza kujaa, chapati ya jirani, na uyaseme haya kwa mdomo wako mteja anapoingia, kabla hajatoa pesa. Nawe mteja, agiza kwanza ndipo ufungue mfuko wako. Na ikifika saa saba mchana, ukiona watu wamesimama mlangoni wakitafuta pa kukaa, maliza chai yako, mpishe mwenzio.